Siku Mjomba Wako Alipotafuta Oili Inakovujia

Mwanangu Rehema,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako wa kule juu, nami nimekaa chumbani na kalamu kama mtu anayeficha kitu. Begi lako liko mlangoni. Kila nikilipita nakumbuka la kukuagiza: uchemshe maji, usisahau sweta, ukifika upige simu. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza, basi nayaacha. Umesomea maabara, unakwenda Sengerema kupima damu za watu. Maji ya kunywa utayajua mwenyewe.

Ninachotaka kukueleza nimekiahirisha tangu ulipopata kazi. Ni habari ya lori letu, mwaka ule lilipokuwa linavuja oili, na ni habari ya kaka yangu Fabiani, mjomba wako ambaye hujawahi kumwona. Habari hizo mbili kwangu ni moja. Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu Jumapili iliyopita tukichambua mchele. Ukanitazama, nikasema mchele una mawe sana.

Unajua kwetu ni Kalenga, na kwamba kwetu ni Wakatoliki. Unajua nilikuwa Felista, na baba yako aliponioa nikawa Fatma. Zaidi ya hapo hujui kwa sababu sikukupa. Ulipokuwa mdogo ukiuliza kwa nini sisi hatuendi kwa babu kama wenzako wanavyokwenda, nilikuwa nasema njia mbaya. Ukakua ukijua Kalenga ni mahali penye njia mbaya.

Baba yako alikuja kwetu kununua mahindi. Alikuwa kijana wa mjini, watu wake wametoka Kilwa zamani wakafanya biashara Mbeya, na alikuwa na lori hilihili, wakati huo rangi yake bado inang'aa. Alikuwa anasema "tafadhali" hata kwa watoto. Nilimpenda kwa hilo kwanza, mengine yakafuata. Baba yangu aliposikia alisema maneno mengi, na kwa kuwa yalikuwa mengi niliweza kuyasahau. Fabiani alisema machache. Alisema, "Ukienda, umekwenda." Fabiani ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule. Siku niliyoondoka alikuwa kwenye mashine ya kusaga, anatengeneza, na ingawa nilipita mbele ya mlango na sanduku langu hakutoka nje.

Bibi yako alipofariki nilikwenda. Wewe ulikuwa unatambaa, nilikuacha kwa shangazi yako. Nilifika nimevaa baibui, na mwanamke mmoja asiyenijua akanionyesha mkeka wa wageni. Nikakaa. Ningeweza kumwambia kwamba mimi ni mtoto wa marehemu. Sikumwambia. Nilikuwa namsubiri Fabiani aje aninyanyue pale mbele ya watu. Alipita karibu yangu zaidi ya mara moja, ameshika jembe, macho mekundu. Tukazika, nikapanda gari nikarudi Mbeya. Njiani nilimlaumu kuanzia Iringa mpaka Makambako. Leo nafikiri huenda naye alikuwa ananisubiri niinuke mwenyewe, niende kukaa na mama wadogo mahali pangu. Lakini nafikiri tu. Siku hiyo hatukuongea.

Halafu baba yako akatutoka. Hiyo unaikumbuka, sina haja ya kuiandika. Watu wa Ilomba walijaa hapa, chakula kikapikwa nje kwa masufuria, na baada ya arobaini kila mtu akarudi kwake kama ilivyo kawaida. Baba zako wadogo wakashauri niuze lori. Walisema kwa nia njema. Mimi nilikuwa najua kuendesha, baba yako alinifundisha jioni kwenye uwanja wa mpira tukiwa bado wachanga wa ndoa, akicheka mpaka machozi kila nilipokosea gia. Niliajiri dereva, akaondoka. Nikaajiri mwingine, akaondoka na jeki. Basi nikapanda mwenyewe. Wewe ulikuwa bweni na kwenye simu ya matroni uliniuliza, "Mama, ni kweli unaendesha fuso?" Nikakwambia ni kweli. Ukasema nisikimbize.

Sikukwambia kulivyokuwa. Barabarani watu walinisalimia vizuri, madereva wenzangu walinizoea, mizani walinijua. Lakini jioni nikifika mahali, wao wanakaa pamoja wanakula nyama, na mimi mwanamke mjane siwezi kwenda kukaa nao. Ninanunua chakula changu, napanda kebini, nafunga vioo. Nilianza kuongea na gari. Nilikuwa naliambia, "Haya, mlima huo, jikaze." Nyumbani vilevile. Nilipika ugali wa watu watatu kwa muda mrefu sana, na sikuona ajabu mpaka jirani aliponiuliza nafuga nini.

Sasa oili. Ilianza kama matone hapa uani, doa jeusi chini ya tumbo la gari upande wa nyuma wa injini. Fundi wetu akalala chini akatazama, akasema ni sili, ule mpira unaozuia oili pale injini inapokutana na giaboksi. Ni kazi kubwa ile. Alishusha giaboksi nzima, akabadilisha, akaipandisha. Kwa safari kama mbili hivi uwanja ulikuwa mkavu, halafu doa likarudi palepale. Akasema labda ni gasketi ya karai la chini linalobeba oili. Tukabadilisha na hiyo. Doa likarudi. Hakuwa fundi mbaya, mwanangu. Alitazama pale oili inapodondokea, na mtu yeyote angetazama hapo.

Mimi nikafanya kosa langu, nalo ni kwamba nilizoea. Nilinunua galoni ya oili nikaiweka nyuma ya kiti. Nikifika Makambako nasimama, nachomoa stiki ya kupimia oili, natazama, naongeza. Nikifika Iringa naongeza. Ilikuwa sehemu ya safari kama kunywa chai. Niliona ni rahisi zaidi kuongeza kuliko kusimamisha gari tena gereji, kusikia tena "tujaribu hiki." Na nilifanya hivyo kwa mambo mengi miaka ile. Hata meno yangu ya nyuma niliyapoteza hivyo.

Siku moja nikapata mzigo wa mabati kupeleka Idodi kwa mtu anayejenga. Njia ya Idodi inapita Kalenga, hakuna nyingine. Wakati wa kwenda nilipita pale alfajiri nikitazama mbele tu, kama vile mtu anaweza kuniona ndani ya kebini. Nikashusha mabati, nikapata mzigo wa vitunguu wa kurudi nao Mbeya. Kijana wangu wa kupakia alikuwa anaumwa, akabaki kwa dada yake Idodi, nikaanza safari peke yangu.

Unapotoka Idodi unapanda. Gari lilikuwa limejaa, jua limeshaanza kuchoma, vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimeongeza oili kabla ya kuondoka. Hata hivyo nilipokaribia Kalenga taa nyekundu ya oili ikawaka. Haikumulika na kuzima kama inavyofanya wakati mwingine, iliwaka ikakaa. Unajua baba yako alivyokuwa anasema kuhusu taa hiyo, kwamba ikiwaka huna gari, una chuma. Nikazima injini, nikaliacha lijiendee kwa mteremko mdogo mpaka likasimama kando, karibu na mwanzo wa nyumba. Nyuma, barabarani, kulikuwa na mstari mweusi kama mtu amechora.

Nikakaa kwenye usukani. Wazee wawili waliokuwa wamekaa dukani wakaja, wakainama, wakatikisa vichwa.

"Mama, hili haliendi," mmoja akasema.

"Najua. Kuna fundi hapa?"

"Wa magari makubwa ni mmoja tu. Fabiani, kule kwenye mashine. Tukuitie?"

Ningeweza kusema hapana. Simu ilikuwa na chaji, ningempigia fundi wa Iringa mjini aje. Nilifikiri hivyo, naapa, mkono ukiwa kwenye simu. Halafu nikasikia sauti yangu inasema, "Niitieni."

Alikuja anatembea taratibu, ovaroli imefifia, spana mbili mkononi. Alikuwa amezeeka. Hilo sikuwa nimelitegemea, ingawa hata mimi nilikuwa nimezeeka. Alinitambua akiwa bado mbali, nikaona hatua yake ilivyosita. Lakini wazee walikuwa wamesimama pale.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu, mama. Gari lina nini?"

Aliniita mama, kama unavyomwita mteja yeyote. Na kwetu watu wakikutana husema kwanza "Kamwene". Yeye akanisalimia Kiswahili.

"Linavuja oili," nikasema.

"Tangu lini?"

"Muda mrefu."

"Na unaendesha hivyohivyo?"

"Ndiyo."

Akaingia chini. Alikaa huko kwa muda mrefu, mimi nimesimama natazama viatu vyake. Alipotoka aliuliza fundi amebadilisha nini na nini, nikamweleza. Akaitikia kila kitu bila kumcheka mwenzake. Kisha akasema, "Kila kitu huku chini kimelowa. Upepo unaipeperusha inaenea kote. Huwezi kujua mwanzo wake mpaka pasafishwe. Utasubiri?"

"Nina vitunguu."

"Utasubiri?"

"Nitasubiri."

Basi tukaosha injini. Yeye kwa brashi na mafuta ya taa, mimi nachota maji mtoni kwa ndoo na kuyeyusha sabuni ya unga. Njia ya mtoni niliikuta ileile. Nilikuwa nashuka na kupanda, baibui nimeikunja kiunoni, na wanawake waliokuwa wanafua walinisalimia kwa Kihehe nikajibu, na kila nilipojibu nilisikia jinsi ulimi wangu ulivyokuwa mzito. Fabiani alisugua kila kona ya injini ile. Matope ya oili ya miaka yalikuwa yanatoka mabonge. Hatukuongea isipokuwa "lete," "mimina," "hapa," "basi." Lakini tulikuwa tunafanya kazi pamoja, Rehema. Nilikuwa sijafanya kazi na mtu tangu baba yako.

Injini ilipokauka alinituma dukani ninunue poda ya watoto. Nilidhani nimesikia vibaya. Akaipuliza juu ya injini yote, ikawa nyeupe kama andazi lililonyunyiziwa unga. Akasema, "Sasa washa. Itakapotoka itaonekana." Alikuwa ameongeza oili yake, aliyoiweka kwa ajili ya mashine. Nikawasha. Injini ikanguruma, yeye akatazama chini, akatazama pembeni, akazunguka na tochi. Poda ikabaki nyeupe. Tukasubiri mpaka injini ikapata moto. Hakuna hata tone.

Akanipa ishara nizime. Akajifuta jasho, na nikamwona kwa mara ya kwanza anakunja uso kama alivyokuwa anafanya utotoni akishindwa hesabu.

"Likisimama halivuji," akasema. "Linavuja likifanya kazi. Itabidi uendeshe, mimi nitazame."

Unaujua ule mfuniko ulioko kebini katikati ya viti, unaokuchoma mguu ukikaa karibu nao? Injini iko chini yake. Fabiani aliufungua akautoa kabisa. Akapiga magoti kwenye kiti cha abiria, kichwa kimeinama juu ya injini iliyo wazi, tochi mkononi, na mimi nikaondoa gari kuelekea Iringa, kwenye mlima, na mzigo wote wa vitunguu nyuma.

Hujawahi kusikia kelele kama ile. Ukiutoa mfuniko, injini iko ndani pamoja nawe. Joto linakupiga usoni, moshi, vyuma vinapiga, huwezi kusikia hata honi yako. Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, gia ya pili, natazama barabara, na pembeni mwa jicho langu kulikuwa na kichwa cha kaka yangu chenye mvi.

Katikati ya mlima akainua uso. Akanitazama, na akasema kitu. Alisema kwa Kihehe, hilo nililiona kwenye midomo. Nikasikia kama "nyumbani," au "mama," au pengine sikusikia hata hilo. Aliposema hakuwa na uso wa fundi. Alisubiri.

Nikaitikia kwa kichwa.

Sijui kwa nini sikusema "unasemaje?" Ni neno dogo. Niliona aibu kumwambia sikusikia, baada ya miaka yote ile ndiyo anaongea nami, halafu nimwambie arudie kama mhudumu wa hoteli. Niliogopa pia kwamba akirudia litakuwa neno baya. Kwa hiyo nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na hata nikatabasamu. Naye akatabasamu kidogo, akainama tena.

Muda mfupi baadaye akaanza kupiga dashibodi kwa kiganja. Nikasimamisha. Akanivuta mkono nitazame: juu kabisa ya injini, upande wa nyuma, kuna kibomba chembamba cha chuma kinachopeleka oili kwenye pampu ya upepo wa breki. Klipu iliyokuwa inakishikilia ilikuwa imekatika, nani anajua lini, na kibomba kikawa kinatikisika mpaka kikapata ufa mwembamba kama unywele. Gari likisimama, ufa unajifunga. Likipanda mlima, oili inatoka hapo kama uzi, inaanguka nyuma ya injini, inateremka, na kudondokea palepale ambapo fundi wa Mbeya aliona sili. Kwenye ile poda nyeupe ulionekana mstari mmoja mweusi ukishuka kutoka juu. Tulikaa tunautazama wote wawili.

"Kumbe ni huku," nikasema.

"Ni huku," akasema.

Tukarudi Kalenga taratibu. Akafungua kibomba, akaenda nacho kwenye banda lake kukichomelea kwa shaba. Alikawia. Mimi nikabaki na gari, nikafungua turubai vitunguu vipate hewa, nikavinusa, vilikuwa vimeanza kupata joto. Alirudi, akakifunga kibomba, akakata kipande cha bati akatengeneza klipu mpya na kuivisha mpira wa tairi la baiskeli isikwaruze. Tukapanda mlima tena kujaribu. Poda ikabaki nyeupe. Kurudi, akafunga mfuniko, akakusanya spana zake.

Nikafungua mkoba. Akaona, akageuza uso.

"Acha hiyo," akasema. Kisha akasema, "Haya, mimi naenda kunawa." Akaondoka kuelekea nyumbani, ile nyumba yetu, inaonekana pale barabarani.

Nilisimama kando ya gari. Nilikuwa mchafu, nimechoka, na nilijiona mjinga na mkoba wangu wazi. Nilisema moyoni, amemaliza kazi ya mteja, ameaga. Kama angetaka nifike angenikaribisha. Na kwenda kubisha mlango ule mwenyewe, halafu mtu anitazame kama yule wa msibani alivyonitazama, niliona siwezi. Jua lilikuwa bado liko juu kidogo na Mbeya ni mbali. Nikapanda, nikawasha, nikaondoka.

Kwenye kioo cha pembeni nilimwona wifi yangu, mke wa Fabiani. Alikuwa ametoka mpaka barabarani, kanga begani, amenyanyua mkono juu. Nilifurahi kwamba angalau yeye ameniaga. Nikampigia honi.

Gari halikuvuja tena. Sikusimama Makambako kuchomoa stiki, na ile galoni nikampa jirani. Lakini lile neno la mlimani lilibaki nami. Miaka yote uliyosoma, kidato cha pili mpaka chuo, nimekuwa nikiendesha nikilitafuta. Siku nyingine nilijiambia alisema amenisamehe. Siku nyingine, hasa nikiwa na njaa au nikiwa nimegombana na watu wa mzigo, nilikuwa na uhakika amesema mama alikufa akiniulizia. Niliwahi kusimama njiani Igawa nikalia kwa jambo ambalo huenda hakuna mtu aliyelisema. Na kwa kuwa nilishaitikia, niliona sina njia ya kurudi kuuliza. Nikasubiri yeye anitafute. Hakunitafuta. Nikasema, basi, lilikuwa neno baya.

Mwezi uliopita ulipokuja na furaha yako ya kazi, nilipeleka viazi Iringa. Nilishusha mzigo mapema, na gari likiwa tupu nikakunja kuelekea Kalenga kabla sijapata muda wa kufikiri. Wifi alikuwa uani anapukuchua mahindi. Aliinua macho, akaniona, akaendelea kupukuchua.

"Leo umeona njia," akasema.

"Nimeiona, wifi."

"Karibu ukae. Kama utakaa."

Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua hindi nikaanza kumsaidia. Tukapukuchua, halafu akashindwa kujizuia.

"Tulikukosea nini siku ile?"

"Siku ipi?"

"Siku ya gari. Kaka yako alikwambia ulale hapa, ukakubali. Alikuja mbio kuniambia, tandika kitanda cha mama, Felista analala. Akakimbia dukani kwa yule Mwislamu, akamwomba aje amchinje kuku, ili uweze kula. Kaka yako! Hakuwahi kumwomba mtu yule hata kiberiti. Nikapika wali. Yeye akanawa, akavaa shati. Tukasikia gari linawaka. Nikatoka barabarani nakuita, na wewe ukanipigia honi."

Nilikuwa nimeshika gunzi tupu.

"Hakula usiku ule," akasema. "Kuku nikawapa watoto wa jirani."

Fabiani alirudi kutoka shamba jua likiwa bado kali. Aliliona lori kwanza, akalizunguka, akainama akatazama chini yake, ndipo akaja uani. Nikasimama.

"Kaka, siku ile sikusikia."

Akanitazama.

"Kule mlimani. Uliniambia neno nikaitikia kwa kichwa. Sikulisikia. Injini ilikuwa inapiga kelele, na Kihehe changu kimechakaa. Niliona aibu kukuuliza."

Alikaa chini kwenye gogo. Alivua kofia, akaishika, akaitazama ndani. Wifi naye aliacha kupukuchua. Nilimwona Fabiani anairudia siku ile yote kichwani, kama nilivyokuwa nairudia mimi, ila yeye alikuwa na kuku na kitanda ambavyo mimi sikuvijua.

"Ningekwambia uzime kwanza," akasema mwishowe.

"Mimi ningekuuliza."

"Ndiyo. Ungeuliza."

Hatukukumbatiana, usije ukafikiri. Hakuna aliyelia ila wifi, na yeye alisema ni vumbi la mahindi. Tulikula maharage. Nililala kitanda cha mama, sikupata usingizi mzuri, godoro lina bonde katikati. Asubuhi Fabiani alinisindikiza mpaka kwenye gari. Bado hatujui jinsi ya kuongea. Akinipigia simu anauliza hali ya breki. Sijamuuliza bado kama habari ya msiba wa baba yako ilimfikia. Nitamuuliza, lakini si kwa simu. Miaka ile imekwenda, Rehema, na sioni jinsi ya kuirudisha. Tungeweza kuwa na watu wa kwenda kwao sikukuu. Ungekuwa na mjomba wa kukununulia viatu vya shule. Badala yake ulikuwa na mimi tu, na mimi nilikuwa barabarani. Hilo nakuomba radhi.

Kesho nitakusindikiza stendi, nitapunga mkono, nitarudi hapa. Usiwe na wasiwasi nami wala usinipigie kila saa kwa huruma. Upweke naujua, tumeishi pamoja. Ila ukifika huko na jioni ikawa ndefu, usione haya kusema kwamba ni ndefu. Niambie mimi. Nitakuwa macho.

Sasa lililobaki. Basi lenu la Mwanza linapita Iringa, na litasimama stendi ya Igumbilo kupakia watu. Nimempa Fabiani jina la basi na rangi yake. Amesema atakuwepo, na ukimjua utaelewa kwamba atakuwa amefika tangu asubuhi sana. Ni mrefu, mwembamba, amevaa kofia ya sufu. Wifi atakuwa amemfungia mahindi ya kukaanga kwenye mfuko, na Fabiani hatajua jinsi ya kukukabidhi. Nimemuuliza atakwambia nini, akasema hajui. Kisha akaniuliza kama unafanana na mama yetu. Nikamwambia sijui, mimi nikikutazama namwona baba yako tu.

Kwa hiyo basi likisimama usibaki kwenye kiti. Shuka. Mwambie "Kamwene, mjomba," halafu usihangaike kutafuta maneno. Simama karibu naye, mwache akutazame mpaka kondakta aite.

Mimi mama yako,
Ilomba